Nyumba ya Vyumba Viwili kwenye Msingi wa Vitatu

Mteja wetu wa kawaida hufika ofisini akiwa tayari ana boma. Hasemi mara moja. Anaangalia ramani zilizobandikwa ukutani, anauliza bei, anauliza kama tunapokea kwa awamu, na akishaketi vizuri ndipo anatoa simu na kuonyesha picha: kuta za tofali, matundu ya madirisha, mbarika umeota sebuleni. Liko Nala, au Ihumwa, au nyuma kabisa ya Nzuguni. Lina miaka kadhaa na linta haijafungwa. Kisha linakuja swali lililomtoa nyumbani: "Dada, hela ya kumalizia hili na hela ya kununua hiyo yenu, ipi itaniondoa haraka kwenye kupanga?"

Mimi ni mhandisi wa majengo katika kampuni binafsi inayojenga Dodoma na Singida. Hatujulikani nje ya kanda ya kati na hatuna ghorofa hata moja. Karibu wote tunaowajengea wananunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani: walimu, wauguzi, askari, makarani wa wizara waliohamia pamoja na Serikali baada ya tangazo la 2016, wenye maduka ya vipuri, wauza vitenge wa Soko la Majengo. Swali lao linastahili jibu la hesabu, na mara nyingi wanalipata jibu la matangazo.

Watu wa biashara yetu hupenda kulidharau boma. Wanaliita hela iliyolala. Mimi siwezi, kwa sababu najua lilikotoka. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa kipato cha kawaida hakuwa na pa kwenda kuomba mkopo wa muda mrefu wa kununua nyumba. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, ikaanzishwa mwaka 2010. Katikati hapo watu walioa, walizaa, walistaafu. Walifanya lililowezekana: mshahara ukitoka, mifuko miwili ya saruji, mnada ukilipa, lori la mchanga. Fedha ikikaa mfukoni itaombwa na ndugu au itapungua thamani, lakini tofali likishapangwa ukutani shemeji hawezi kuja kulikopa. Halina riba, halina dalali wa mahakama. Mtu aliyejenga hivyo ana akili timamu, na kampuni inayotaka kumuuzia nyumba ianze kwa kukubali hivyo.

Lakini boma lina gharama ambazo fundi hakuandikii. Mvua zetu huja msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na zinakuja kwa nguvu. Ukuta usio na linta wala paa unanyeshewa kutoka juu, udongo wa saruji kati ya tofali unalika, na kama fundi alitumia mfuko mmoja kutoa tofali 45 badala ya 30 hivi, kingo zinaanza kumomonyoka msimu wa pili tu. Nondo zilizoachwa zikichungulia kwenye nguzo zinashika kutu, na kutu ikishaingia ndani ya zege inavimba na kulipasua. Moramu iliyojazwa kwenye msingi bila kushindiliwa inatitia. Mchwa wanapanda. Nimeitwa kukagua maboma ambayo ushauri wa kweli ulikuwa kubomoa kuta hadi msingi, na kumwambia mtu maneno hayo baada ya miaka yote ile ya kujinyima ni kazi ngumu kuliko ujenzi wenyewe. Na wakati wote huo alikuwa akilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa mwenye nyumba wake.

Sasa tutazame upande wa pili, upande tunaouuza sisi. Riba ya mkopo wa nyumba hapa nchini kwa miaka mingi imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Chukulia umekopa shilingi milioni 40 kwa asilimia 16, miaka 15. Rejesho ni kama shilingi 587,000 kwa mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa karibu milioni 106. Mshahara ukionekana haubebi, kwa sababu mtumishi wa umma ni lazima abakiwe na theluthi moja baada ya makato, jambo la kwanza atakalokushauri afisa mikopo ni kurefusha muda hadi miaka 25. Rejesho linashuka hadi kama 544,000. Umepunguziwa shilingi 43,000 kwa mwezi, na jumla ya malipo imepanda hadi karibu milioni 163. Hesabu hiyo naiandika kwenye karatasi mbele ya kila mteja, kwa kalamu, taratibu, na mara nyingi mke na mume hutazamana bila kusema neno.

Halafu naandika ya tatu. Milioni 20, asilimia ileile 16, miaka 10. Rejesho ni kama 335,000, na jumla yote ni milioni 40 na kidogo. Riba kubwa inamuumiza zaidi anayekopa kingi kwa muda mrefu. Huwezi kuishusha riba ya benki ukiwa kwenye kampuni ya ujenzi, lakini unaweza kupunguza kile ambacho mtu analazimika kukikopa siku ya kwanza.

Ndiyo maana kampuni iliacha kuuza nyumba ya vyumba vitatu iliyokamilika kama bidhaa yake kuu. Tunauza nyumba ya kuanzia: vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha familia, paa, maji, umeme, milango inayofungwa. Mtu anahamia. Chini yake, msingi ni wa nyumba ya vyumba vitatu.

Hapa nataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu nyumba inayoweza kukua inachorwa tofauti kabisa na nyumba ndogo ya kawaida. Nyumba ndogo ukiiongezea chumba bila kupanga utaishia kubomoa choo, kuziba dirisha la jiko na kuwa na paa lenye bonde katikati linalovuja kila masika. Nyumba hizo zimejaa mjini, na wenyewe hudhani ni bahati mbaya.

Tunaanza na kiwanja. Nyumba haikai katikati. Inasogezwa upande mmoja, kwa kuheshimu umbali unaotakiwa kutoka mpakani, ili upande wa pili ubaki na nafasi ya kweli. Shimo la maji taka linachimbwa mahali ambapo chumba cha tatu hakitafika, na chemba zinapita nje ya eneo hilo. Jambo dogo, lakini ndilo linaloua mipango mingi: mtu ana fedha ya kuongeza, ana tofali, ana fundi, na mahali pa chumba pana shimo.

Msingi wa chumba cha tatu tunaujenga pamoja na wa nyumba nzima, unafungwa kwa mkanda mmoja wa zege wenye nondo, kisha tunamwaga jamvi. Msingi uliojengwa kwa vipindi viwili hukaa kwa namna mbili, na ufa utatokea palepale ulipounganishwa. Jamvi hilo linatumika mara moja kama kibaraza. Familia zinakaa hapo jioni, zinaanika mtama na karanga, watoto wanafanyia kazi za shule. Nondo za kusubiria hatuziachi wazi. Zinakatwa kwa urefu unaotosha kuunganishia, zinapakwa uji mzito wa saruji na kufunikwa kwa zege dhaifu ambalo fundi atalivunja kwa nyundo siku ikifika. Mwisho wa ukuta unaachiwa meno ili tofali mpya zishikane na za zamani.

Kwenye ukuta unaotazamana na chumba kitakachokuja kuna dirisha. Upana wake ni sawasawa na wa mlango, na linta iliyo juu yake imepigwa kwa kimo cha mlango. Siku ya kuongeza, fundi anaondoa dirisha, anakata tofali zilizo chini yake hadi sakafuni, na mlango umepatikana bila kugusa linta. Bomba la nyaya limeshafika ukutani, limezibwa. Dirisha lenyewe linahamia chumba kipya.

Paa lilituletea ubishi mkubwa kuliko yote. Wateja wanapenda paa la kuficha, lile ambalo ukuta unapanda juu na bati halionekani, kwa sababu ndilo la kisasa na ndilo wanaloliona kwa jirani. Watu wetu wa mauzo walilitaka pia. Mimi na fundi mkuu tulikataa kwa nyumba za kuanzia, na bado nasimama hapo. Paa la kuficha linapeleka maji yote kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta. Majani yakijaa, maji yanashuka sebuleni. Na huwezi kulirefusha bila kulivunja. Tukaenda na mgongo wa tembo: paa la pande mbili lenye kipeo kimoja, ambalo ukiongeza nyumba unaendeleza kenchi kwenye mstari uleule na bati linalala juu ya bati. Kwa nje ni paa la kawaida, kama la shule au zahanati. Nimesikia wateja wakilalamika kuhusu hilo wakati wa kuchagua. Waliokwisha kuongeza chumba hawajalalamika.

Fedha iliyookolewa kwenye paa na kwenye dari za mapambo tunaiweka chini. Dodoma ina udongo wa aina nyingi ndani ya mwendo mfupi. Mwinuko una mchanga mwekundu unaobeba vizuri. Ukishuka bondeni unakuta udongo mweusi wa mbuga, mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, hadi kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba nyepesi juu ya udongo huo inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Viwanja vya mbuga ni rahisi, na mnunuzi wa kwanza huvutwa na urahisi huo. Kwetu, kabla ya kununua eneo, tunachimba mashimo ya majaribio na kutazama. Mbuga ikiwa ya kina kifupi tunaiondoa na kujaza moramu tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa. Ikiwa ya kina kirefu tunaliacha eneo, hata kama mwenye ardhi ameshatuletea barua ya mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wote wamesaini.

Maji nayo. Hewa yetu ni kavu na ina upepo, zege linapoteza maji kabla halijashika. Jamvi lisilomwagiliwa kwa siku saba za mwanzo litachora ramani ya nyufa juu yake. Na visima vingi vya pembezoni vina maji ya chumvi, ambayo hayafai kuchanganyia zege lenye nondo. Kwa hiyo kwenye gharama ya kila nyumba kuna maboza ya maji safi ambayo mnunuzi hatayaona popote. Hata bomba kutoka njia kuu na nguzo za umeme hadi mtaani zimo ndani ya bei. Mtu anayelinganisha bei yetu na bei ya tofali na bati za boma lake asisahau kwamba kule kwake nguzo ya umeme bado iko mbali, na kwamba kuisogeza ni juu yake.

Karatasi ndiyo inayochukua muda wetu zaidi ya zege. Benki haikopeshi kwa nyumba nzuri. Inakopesha kwa hati. Kila kiwanja lazima kiwe kimepimwa, kiwe na hati yake, na kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa. Dodoma ina historia yake katika hili: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ndiyo iliyogawa ardhi hapa tangu miaka ya 1970 hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri. Bado wanakuja watu wenye nyaraka za enzi hizo, nyingine safi, nyingine zinazogongana na za mwingine. Ninachomsihi kila mnunuzi wa kwanza, hata asiyenunua kwetu: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa shilingi moja. Muuzaji akikwambia hakuna haja, kwamba mtaa mzima unamfahamu, mshukuru kwa ukarimu wake na uende kwa Msajili.

Na mwenzi wako ajue. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Sisi tumekwenda mbele kidogo: mwenye ndoa hatumkabidhi mkataba wa mauzo kabla hatujaketi na wote wawili. Kuna mzee mmoja, fundi wa magari, aliyetaka kununua kwa siri ili amshangaze mkewe. Nilimwambia, "Mzee wangu, mshangaze kwa kumleta hapa." Mama alikuja, akauliza maswali ambayo mume wake hakuyafikiria: jiko linatazama wapi upepo ukivuma, tangi la maji litasimama juu ya nini, wageni wa msiba watakaa wapi. Swali la tangi lilitufanya tubadili mchoro. Hadi leo kila nyumba ya kuanzia ina mnara mfupi wa tofali nyuma ya jiko, na bomba limepita chini yake tayari.

Siku ya kukabidhi funguo hatufanyi sherehe. Tunatembea. Mnunuzi anafungua kila bomba, anavuta kila choo, anawasha kila taa, anafunga na kufungua kila mlango mwenyewe, na anamwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu aone yanakokimbilia. Kasoro zinaandikwa, wote wanasaini. Kuna kipindi cha matazamio ambacho tunawajibika kurekebisha, na tunataka kipite msimu mmoja mzima wa mvua, kwa sababu nyumba iliyokabidhiwa Juni haijajaribiwa na kitu chochote mpaka Desemba. Kampuni inayotoa matazamio ya miezi mitatu ya kiangazi haijakupa kitu.

Wanaoniumiza roho ni wale ambao hatuwafikii. Mwenye bodaboda tatu, mama lishe mwenye wateja wa kudumu karibu na stendi, mkulima wa zabibu: kipato wanacho, pengine kuzidi cha karani, lakini hawana hati ya mshahara. Benki inawaomba taarifa za akaunti ambayo hawakuwahi kuitumia kwa biashara. Tunapokea malipo ya awamu kutoka kwao moja kwa moja, na hapo pana hatari ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa. Fedha ya mteja anayelipa kabla ya ujenzi ikichanganywa na fedha za kuendeshea kampuni, siku kampuni ikiyumba mteja anabaki na risiti. Kwetu inakaa kwenye akaunti ya peke yake na inatoka kwa hatua: msingi ukiisha, linta ikifungwa, bati likipigwa, na kila hatua mteja au mtu wake anakuja saiti kuiona kabla fedha haijatoka. Unapokwenda kwa kampuni yoyote ya ujenzi, uliza swali hilo moja, fedha yangu inakaa wapi, na uwatazame usoni wanapojibu. SACCOS zimetusaidia pia, hasa za walimu, kwa sababu kamati yao inamjua mtu kwa miaka na haihitaji kumsoma kwenye karatasi.

Na mwenye boma? Namrudia kwa sababu yeye ndiye wengi. Siku hizi hatumshawishi aliache. Tunakwenda kulikagua. Kiwanja kikiwa kimepimwa na msingi ukiwa mzima, tunamchorea upya: sehemu ya boma inayoweza kuezekwa sasa, vyumba viwili na choo, ahamie; nyingine isubiri ikiwa imefungwa linta na kufunikwa juu kwa saruji ili mvua isiingie ukutani. Kazi hiyo haituletei faida kubwa, na ndani ya kampuni wapo wanaoona tunapoteza muda. Mimi naona ndiyo kazi tunayopaswa kuijua kuliko zote, kwa sababu maboma ya mji huu ni mengi kuliko nyumba zote tutakazojenga sisi.

Kilichobaki ni benki. Tunachoomba ni mkopo wa hatua ya pili ulioandikwa tangu siku ya kwanza: mteja akirejesha nusu ya milioni 20 bila kukosa, apate nyongeza ndogo ya kujenga chumba cha tatu kwa hati ileile, bila kuanza upya maombi, ada na uthamini. Hati tayari wanayo kabatini. Mchoro wa chumba hicho umo kwenye kibali cha ujenzi tangu mwanzo, kwa hiyo halmashauri haina la kuuliza. Benki moja imekubali kuanza na wateja wachache. Nyingine inatujibu kwamba nyumba isiyokamilika haiwezi kuthaminiwa, nasi tumewaandikia tena kwamba nyumba hizo zina paa, zina maji, zina umeme na zimehamiwa, na tumeomba wamtume mthamini wao aje azipime kabla ya mvua za Desemba.